Machicha ya kahawa: Usiyamwage kwenye mchicha kabla hujasoma hapa

Video ni ile ile, kinachobadilika ni sauti tu. Mtu anamaliza kahawa yake, anachukua machicha yaliyobaki kwenye chujio, anayamwaga kwenye chungu cha maua, halafu picha inaruka hadi kwenye mmea uliostawi. "Mbolea ya bure," anasema. Video za namna hii zinazunguka sana WhatsApp na TikTok, na wenye bustani ndogo za kwenye ndoo, viroba na magunia wanazijaribu.

Kuna jambo moja ambalo video hizo haziligusi. Machicha mabichi, yaani yale yaliyotoka tu kwenye chujio, yakichanganywa na udongo wa mboga yanaweza kuzidumaza mboga hizo badala ya kuzikuza. Kwa mtu mwenye matuta mawili ya mchicha yanayomwokolea hela ya sokoni kila wiki, hiyo si hasara ndogo. Ni mwezi mzima wa mboga.

Machicha hayo hayo, yakioza kwanza pamoja na taka nyingine za jikoni, ni malighafi nzuri ya mboji. Nyumbani pia yana kazi chache yanazozifanya vizuri, na nyingine nyingi ambazo yanasifiwa bure.

Kahawa ipi inaacha machicha?

Si kila anayekunywa kahawa ana machicha ya kutumia. Kahawa inayoyeyuka, kama Africafé inayotengenezwa Bukoba, inaisha yote kwenye kikombe. Kiwandani ilishachemshwa na kuchujwa kabla ya kukaushwa, kwa hiyo machicha yake yalibaki huko huko.

Machicha yanatokana na buni iliyokaangwa na kusagwa: kahawa ya kuchemsha kwenye sufuria, ya kuchuja kwa karatasi au kitambaa, ya mashine ya espreso mgahawani, na bila shaka ile kahawa chungu ya kijiweni. Dele likiisha kahawa jioni, chini kunabaki tope jeusi ambalo muuza kahawa analimwaga mtaroni na kwenda zake.

Kiasi si kidogo. Barista hutumia takriban gramu 18 za kahawa kwa espreso ya shoti mbili. Mgahawa unaouza vikombe 100 vya aina hiyo kwa siku unatumia kilo 1.8 za kahawa kavu, na kwa kuwa machicha hubaki na maji mengi, kinachoingia kwenye pipa la taka usiku kinaweza kufika kilo 3 au zaidi. Zidisha kwa siku 30. Mzigo huo unaishia dampo, Pugu Kinyamwezi kwa Dar es Salaam au Dandora kwa Nairobi, ambako taka za jikoni zikifunikwa na nyingine zinaoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayochangia joto la dunia.

Kwa hiyo wazo la kuyatumia tena ni zuri. Shida iko kwenye namna.

Je, ni mbolea kweli?

Ndiyo na hapana. Machicha makavu yana naitrojeni ya takriban asilimia 2, pamoja na potasiamu na fosforasi kidogo. Naitrojeni ndiyo inayofanya majani yawe ya kijani na makubwa, kwa hiyo mtu akisikia "asilimia 2" anaona kama amepata dhahabu.

Sasa piga hesabu. Mbolea ya urea ina naitrojeni asilimia 46. Ili upate naitrojeni iliyomo kwenye kilo 1 ya urea, unahitaji kilo 23 za machicha makavu. Siyo mabichi, makavu. Nyumba inayotumia vijiko vitatu vya kahawa kila asubuhi itachukua muda mrefu sana kufika huko.

Halafu naitrojeni hiyo haiko tayari kuliwa na mmea. Imefungwa ndani ya protini, na mpaka bakteria na kuvu wa kwenye udongo waivunje ndipo mizizi inaweza kuifyonza. Kazi hiyo inachukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Ule mmea wa kwenye video uliostawi kesho yake haukustawi kwa sababu ya kahawa.

Jaribio la Melbourne

Mwaka 2016, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, Sarah Hardgrove na Stephen Livesley, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanana kabisa na wanachofanya watu nyumbani. Walichukua machicha ya kahawa, wakayachanganya moja kwa moja na udongo, wakapanda brokoli, liki, figili, maua ya viola na alizeti. Walitumia udongo wa aina tofauti, kuanzia wa kichanga hadi tifutifu. Kuna mimea iliyopewa mbolea na mingine ambayo haikupewa.

Mimea yote ilikua vibaya. Haikujali ni udongo gani, wala kama imewekewa mbolea au la. Kadiri machicha yalivyoongezwa, ndivyo mimea ilivyozidi kudumaa.

Udongo wenyewe ulionekana mzuri: machicha yaliufanya ushike maji zaidi. Hapo ndipo mtu anaweza kudanganyika, maana ukiushika mkononi unaona umelainika, una rangi nyeusi ya kupendeza, na huelewi kwa nini mchicha umegoma.

Kwa nini unagoma? Maelezo ya kwanza yanayokuja ni kwamba bakteria wanaoyaozesha machicha wanagombania naitrojeni na mmea. Lakini kama lingekuwa hilo peke yake, mimea iliyopewa mbolea ingepona, na haikupona. Kinachoshukiwa zaidi ni sumu ya asili iliyomo kwenye kahawa yenyewe, yaani kafeini na kemikali za jamii ya fenoli.

Hili halishangazi ukikumbuka kafeini ni ya nini. Mbuni hauitengenezi ili binadamu waamke asubuhi. Unaitengeneza kujilinda na wadudu, na majani na matunda yake yakianguka chini, kafeini inaingia kwenye udongo na kuzuia mbegu za mimea mingine zisiote karibu. Unapomwaga machicha kwenye tuta lako la miche, unamwaga silaha hiyo hiyo, ingawa imepungua makali.

Imepungua kwa kiasi gani inategemea. Kahawa iliyochemshwa muda mrefu kwenye dele huacha kafeini kidogo kuliko iliyopitiwa na maji ya moto kwa sekunde 30 kwenye mashine. Aina ya buni nayo ina mchango wake: robusta, inayolimwa sana Kagera na Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au ya milima ya Kenya.

Kitu kingine kilichopungua kwenye jaribio la Melbourne ni magugu. Hiyo inaweza kuwa habari njema kwa mwenye njia ya kupita katikati ya bustani, au nyasi zinazochomoza kwenye nyufa za paving. Pale ambapo hutaki kitu kiote, machicha mabichi yanaweza kukusaidia. Mbali na mboga, lakini.

"Yana asidi sana"

Huu ni uvumi mwingine wa muda mrefu. Wapo wanaoyamwaga wakitaka kuongeza asidi kwenye udongo, na wapo wanaoyaogopa kwa sababu hiyo hiyo, wakawa wanaongeza majivu ili "kuyatuliza".

Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichambua imani za bustani moja baada ya nyingine, anaeleza kwamba asidi ya machicha haitabiriki. Vipimo vya tafiti tofauti vinaanzia kwenye asidi hadi upande wa pili kabisa, wa alkali. Sehemu kubwa ya asidi ya kahawa inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo inakwenda kwenye kikombe na siyo kwenye chujio. Umeshainywa.

Majivu basi yaache yakafanye kazi yake nyingine.

Njia inayofaa: yaozeshe kwanza

Kwenye mboji, mambo yanageuka. Joto, unyevu na wadudu wadogo wadogo wanavunja zile kemikali zinazodumaza mimea, na naitrojeni inaachiwa taratibu. Machicha yanapendwa sana na bakteria kwa sababu yamesagwa tayari, ni laini, na yana kaboni takriban 20 kwa kila naitrojeni 1. Japokuwa rangi yake ni kahawia kama majani makavu, kwenye hesabu ya mboji yanahesabiwa upande wa vitu vibichi, pamoja na maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Wengi wanakosea hapa: wanarundika machicha na maganda peke yake, baada ya siku chache ndoo inanuka na majirani wanalalamika.

Kipimo ambacho Chalker-Scott anashauri ni machicha yasizidi asilimia 20 ya ujazo wa mboji yote. Kwa lugha ya sokoni: sado moja ya machicha kwa sado nne za vitu vingine. Sado ina karibu lita 4, kwa hiyo hizo tano zinajaza ndoo ya lita 20 barabara.

Ndoo yenyewe iwe ya plastiki, hata ile ya rangi iliyooshwa vizuri. Pasha msumari moto, toboa matundu chini na pembeni ili maji yatoke na hewa iingie. Chini weka vijiti vikavu au mabua yaliyokatwa. Halafu changanya: kati ya zile sado nne, mbili au zaidi ziwe vitu vikavu kama majani yaliyopukutika, maranda ya fundi seremala, karatasi au maboksi yaliyochanwa vipande. Zilizobaki ziwe maganda ya viazi, ya ndizi, ya papai, majani ya chai, mboga zilizonyauka. Karatasi ya kuchujia kahawa nayo inaoza, itupie humo humo. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa usichukue. Muulize fundi kwanza.

Nyama, samaki, mafuta na maziwa yasiingie. Kuna watu wanachemsha kahawa pamoja na maziwa na sukari; machicha ya namna hiyo yatavuta panya na sisimizi, ni bora kuyafukia mbali. Tangawizi na iliki za kijiweni hazina neno.

Unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Ukifinya mchanganyiko mkononi yakatoka maji yanayochuruzika, ongeza vitu vikavu. Ukifumbua mkono ukasambaratika kama vumbi, nyunyiza maji. Geuza mara moja kwa wiki kwa mti au koleo dogo. Harufu ikianza kuwa mbaya, karibu siku zote ni maji yamezidi au hewa haipiti. Dawa yake ni kukoroga na kuongeza majani makavu.

Ukiona ukungu mweupe au wa kijani juu ya machicha usiogope, ni sehemu ya kuoza. Mwenye pumu tu ndiye ajihadhari asiinamie ndoo wakati wa kugeuza.

Kwenye joto la pwani, mchanganyiko huu unaweza kuwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu. Sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, subiri zaidi. Utajua imeiva ikiwa nyeusi, ina harufu ya udongo baada ya mvua, na huwezi tena kutofautisha ganda la ndizi na jani.

Kabla hujaiweka bustanini, ipime. Chukua makopo mawili. Moja jaza udongo wa kawaida, jingine udongo huo huo uliochanganywa na mboji, theluthi moja mboji na theluthi mbili udongo. Panda mbegu kumi kumi za mchicha au figili. Zikiota sawa kwenye makopo yote mawili na miche ikawa na afya, mboji imeiva. Kama kopo la mboji limeota mbegu tatu au miche imekuwa ya njano, irudishe ndoo kwenye kivuli, iendelee kuoza. Jaribio hili halina gharama na linaokoa tuta zima.

Anayefuga nyungunyungu kwa ajili ya mbolea anaweza kuwapa machicha pia, lakini kidogo kidogo na yakiwa yamechanganywa na chakula kingine. Wanayala vizuri. Ukiwajazia ndoo nzima kwa mara moja watakimbilia pembeni, kama si kufa.

Vipi kuhusu kuyatandaza juu ya udongo?

Watu wengine hawachanganyi, wanatandaza juu kama matandazo. Hapa shida ni nyingine. Chembe za kahawa ni ndogo na zinashikana; zikikauka zinatengeneza ukoko mgumu, maji unayomwagilia yanateleza pembeni, na mizizi inabaki na kiu huku juu kunaonekana kumelowa. Ukitaka kuyatumia hivyo, weka safu nyembamba sana isiyozidi sentimita 1, mbali na shina, kwenye miti au maua yaliyokwisha kukomaa, kisha funika na majani makavu au vipande vya magome. Miche na mbegu usiziguse.

Konokono na mbu: ukweli ni upi?

Habari ya konokono ina msingi. Mwaka 2002, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani waliokuwa Hawaii waliandika kwenye jarida la Nature kwamba maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 yanaua konokono, wenye gamba na wasio na gamba. Habari hiyo ikasambaa dunia nzima, na njiani ikageuka kuwa "machicha yanaua konokono". Lakini kikombe cha kahawa ya kawaida kina kafeini karibu asilimia 0.05 tu, na machicha yanayobaki ni dhaifu. Ukizungushia bustani machicha, konokono anaweza kusita kidogo. Mvua moja ikinyesha, anapita. Kuwaokota usiku kwa tochi kunafanya kazi zaidi.

Mbu ndio wa kuangalia kwa makini, maana hapa mtu anaweza kuumia.

Mwaka 2003, watafiti wa Brazil walionyesha kwamba machicha ya kahawa yakiwekwa kwenye maji yanaweza kuzuia viluwiluwi vya mbu aina ya Aedes visikue hadi kuwa mbu kamili. Aedes ndiye anayeeneza dengue, ugonjwa ambao Dar es Salaam iliushuhudia ukilipuka mwaka 2014 na tena 2019. Utafiti ulikuwa wa kweli, ila ulifanyika maabara, kwa vipimo vilivyopangwa. Haumaanishi kwamba kijiko cha machicha kwenye kifuu chenye maji, tairi bovu au kisahani cha chini ya chungu kinatosha. Kumwaga hayo maji kunachukua sekunde tano na hakuhitaji kahawa.

Kuna na hii ya kukausha machicha na kuyachoma jioni ili moshi ufukuze mbu. Moshi wowote mzito unaweza kuwasumbua mbu kwa muda, na unawasumbua watoto pia. Ukizima, wanarudi. Mbu wa malaria, Anopheles, anauma zaidi usiku, saa ambazo machicha yameshakuwa majivu na watu wamelala. Chandarua chenye dawa hakina mbadala wa kahawa, hata kama video imetazamwa na watu milioni.

Ndani ya nyumba

Huku matumizi ni madogo ila yanafanya kazi.

La kwanza ni harufu ya mikono. Umetoka kuparua samaki au kumenya vitunguu saumu, sabuni imeshindwa. Chukua kijiko cha machicha yenye unyevu, sugua viganja na katikati ya vidole, suuza. Ule ukwaruzaji unaondoa mafuta yaliyobeba harufu, na kahawa inamalizia.

La pili ni friji. Machicha yaliyokauka kabisa yakiwekwa kwenye kibakuli wazi yanapunguza harufu. Neno muhimu ni yakikauka. Yatandaze kwenye sinia, yaanike juani siku moja au mbili, yageuze. Ukiyaweka yakiwa na majimaji, ndani ya siku chache utakuwa unafuga ukungu karibu na maziwa ya mtoto. Yabadilishe kila baada ya wiki mbili hivi, na yaliyotoka yaende kwenye ndoo ya mboji.

Chuo cha City College of New York kilikwenda mbali zaidi mwaka 2012: watafiti wake waligeuza machicha kuwa makaa maalumu yanayonasa gesi ya salfa, ile inayonuka kama yai bovu kwenye mifereji ya maji taka. Naitrojeni iliyomo kwenye kahawa ndiyo iliyowasaidia. Lakini walitumia kemikali na joto kali. Kibakuli chako cha friji hakitafanya kazi kwa kiwango hicho, usikitarajie kitibu choo.

La tatu ni sufuria. Machicha yanakwangua masizi na ukoko wa ugali bila kuhitaji mchanga. Yatumie kwenye sufuria za alumini na majiko ya chuma. Vyombo visivyoshika chakula usiviguse, vitachubuka, na kaunta za mawe meupe au nguo nyeupe zitapata madoa.

Ukimaliza, usiyamwage kwenye sinki. Hili watu hawaliambiwi vya kutosha. Machicha hayayeyuki, yanatulia kwenye kona ya bomba, yanashikana na mafuta ya kupikia, siku zinakwenda, na siku moja maji yanagoma kushuka. Kwa wanaoishi ghorofani, bomba likiziba kwako maji machafu yanaweza kutokea kwa jirani wa chini. Futa machicha kwa karatasi au yamimine kwenye chujio kwanza.

Na ngozi je? Skrabu ya machicha na mafuta ya nazi imekuwa biashara kabisa. Kwa visigino, viwiko na magoti inafaa, ina punje za kutosha kuondoa ngozi iliyokufa. Usoni ni habari nyingine: punje zina ncha na ngozi ya uso ni nyembamba, mwenye chunusi anaweza kuzifungua na kuzisambaza. Na zile ahadi kwamba kafeini ya kujipaka inaondoa michirizi au kuyeyusha mafuta ya tumbo, achana nazo. Bafuni nako, punje zinakwenda kwenye bomba lile lile.

Wenye mbwa na kuku

Kafeini ni sumu kwa mbwa na paka. Mbwa akila machicha mengi anaweza kutapika, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hata kupata degedege. Machicha yaliyotumika yana kafeini kidogo kuliko kahawa mbichi, lakini mbwa mdogo hahitaji nyingi. Ndoo ya mboji iwe na mfuniko mzito, na akila, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kusubiri dalili. Kuku vivyo hivyo: usiyachanganye kwenye pumba, na kama wanachakura bustanini, funika vizuri.

Nani ana machicha ya kugawa?

Kama kahawa yako ya nyumbani haitoshi kujaza sado, kuna migahawa ambayo itafurahi kupunguziwa mzigo. Nchini Marekani, Starbucks imekuwa ikiwapa wateja machicha ya bustani tangu 1995. Huku kwetu mara nyingi ni suala la kuomba tu. Acha ndoo yenye mfuniko asubuhi, ipitie jioni, usiwaache nayo siku tatu maana inaota ukungu na hawatakupa tena. Kwa muuza kahawa wa mtaani ni rahisi zaidi: "Shikamoo mzee, machicha ya leo usiyamwage, nitayapitia baada ya magharibi."

Mwenye machicha mengi na mabichi anaweza pia kujaribu uyoga aina ya oyster, ambao unaota vizuri kwenye machicha. Sharti ni muda. Maji ya moto ya kahawa yameshaua vijidudu vingi, kwa hiyo machicha ya siku hiyo hiyo ni safi kiasi. Yakikaa zaidi ya siku moja, ukungu mwingine unawahi kabla ya uyoga. Yanachanganywa na mbegu za uyoga kwenye mfuko safi, yanawekwa gizani mpaka mfuko ugeuke mweupe wote, ndipo unatobolewa na kupelekwa kwenye mwanga hafifu na unyevu. Ukiona kijani kimeanza ndani ya mfuko, hiyo batch imeharibika, ipeleke kwenye mboji.

Na Melbourne hiyo hiyo, mwaka 2023, wahandisi wa Chuo Kikuu cha RMIT wakiongozwa na Rajeev Roychand waliyapeleka machicha kwenye zege. Waliyachoma kwa nyuzi joto 350 bila oksijeni mpaka yakawa makaa, wakayatumia badala ya asilimia 15 ya mchanga, na zege likawa na nguvu zaidi kwa karibu asilimia 30. Fundi asijaribu kuyatia mabichi kwenye zege la msingi: bila kuchomwa hivyo, machicha yanalidhoofisha.